Kiraka, Pandikizi na Ulimi: Istilahi za Upasuaji wa Ngozi ya Mbwa

Mfasiri anayepewa matini kuhusu upasuaji wa kurudishia ngozi iliyopotea katika majeraha ya mbwa na paka hukimbilia kwanza istilahi za tiba ya binadamu. Si ajabu, kwani huko ndiko Kiswahili kilikokwisha kuzoea visu na nyuzi. Hata hivyo, istilahi hizo zikihamishwa bila kupimwa huleta matatizo, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo kubwa halitokani na uhaba wa maneno. Latokana na neno moja kubebeshwa dhana mbili ambazo, mikononi mwa mpasuaji, zinapingana.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni mahali pazuri pa kuupimia mjadala huu. Mbwa wa huko hulinda ng'ombe na boma, nao hurudi nyumbani wakiwa wameumwa na fisi au wamechanwa na waya wa mtego. Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa zilizofanyika katika Wilaya ya Serengeti kati ya 1996 na 2001, na nyingine zilizofuata, zimewazoesha wenyeji kumpeleka mbwa kwa mtaalamu. Mtaalamu huyo amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Mwenye mbwa anazungumza nyumbani Kikurya, Kingoreme, Kinata au Kiikoma. Wote wawili hukutana katika Kiswahili, na maelezo yakipotea hapo, mbwa ndiye anayelipa.

Tuanze na jina la somo lenyewe. Katika vitabu vya veterinari vya Kiingereza, "wanyama wadogo" ni mbwa na paka, kwa kuwatenga na ng'ombe na farasi. Likitafsiriwa neno kwa neno na kupelekwa Mugumu, msomaji atafikiri digidigi na sungura. Na afisa mifugo atafikiri mbuzi na kondoo, ambao ofisini kwake huitwa mifugo midogo. Wapo waliopendekeza "wanyama vipenzi". Neno hilo lina adabu ya mjini, lakini halimfai mbwa anayelala nje akilinda zizi. Kwa maoni yangu pasitafutwe istilahi hapo: iandikwe "mbwa na paka", basi.

Sasa tuingie katika kiini. Mpasuaji anayekabili pengo la ngozi lisiloweza kushonwa kingo kwa kingo ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande cha ngozi mahali pengine mwilini, kukitenga kabisa na damu iliyokuwa ikikilisha, na kukilaza juu ya jeraha. Ya pili ni kukata ngozi iliyo jirani kwa pande tatu, kuacha upande wa nne umeshikamana na mwili pamoja na mishipa yake ya damu, kisha kuivuta au kuizungusha ifunike pengo. Katika maelezo mengi ya Kiswahili njia zote mbili huitwa "kutia kiraka". Hapo ndipo hatari ilipo. Fundi cherehani hukata kiraka pande zote. Hajui kiraka kingine. Msaidizi anayeambiwa akate kiraka naye atakata pande zote, na ngozi iliyotakiwa kuishi kwa damu ya shina lake itakufa kabla ya juma kwisha.

Kwa njia ya kwanza tunalo tayari "pandikizi", kutokana na kupandikiza, kitenzi ambacho mkulima wa mpunga na mpasuaji wa figo wote wanakitumia. Wapo watakaocheka, maana pandikizi la mtu ni jitu la miraba minne. Lakini muktadha utaamua, kama unavyoamua kwa maneno mengine mengi. Faida yake ni kwamba neno linakuja na jamaa zake. Mche uliohamishwa husemwa kuwa umeshika, na pandikizi la ngozi nalo hushika au hukataa kushika. Mwanzoni halina damu yake. Hufyonza majimaji yatokayo chini. Siku ya pili au ya tatu vimishipa vyake huanza kuungana na vya jerahani, na kati ya siku ya saba na ya kumi yaweza kuonekana kama limeshika. Likisogezwa kabla ya hapo, au damu na usaha vikijikusanya chini yake, hutengana na mwili likafa. Ndiyo sababu wapasuaji hulitoboa matundu mengi madogo ili majimaji yapate njia. Mkulima anayejua kwa nini mche mchanga hautikiswi hatahitaji hotuba ndefu juu ya bandeji.

Kwa njia ya pili napendekeza "ulimi wa ngozi", wingi "ndimi". Ulimi una ncha iliyo huru na shina lililoshikamana na mwili, na hakuna atakayedhani kwamba ulimi uliokatwa shinani utaendelea kuishi. Jina lenyewe linatoa onyo. Yawezekana pia kueleza kwamba ulimi ukiwa mrefu na mwembamba kupita kiasi ncha yake hufa kwa kukosa damu.

Hapa tiba ya binadamu haitusaidii sana. Sehemu kubwa ya ngozi ya binadamu hupata damu kwa ateri zinazopanda moja kwa moja kutoka misulini. Katika mbwa, ateri za ngozi hutambaa chini yake, sambamba nayo, na penye msuli mwembamba ulioshikamana na ngozi ni lazima kisu kipite chini ya msuli huo. Mwaka 1981 Michael Pavletic wa Marekani alieleza ndimi za mbwa zilizojengwa juu ya ateri mahususi, na tangu hapo ndimi ndefu zimewezekana. Kiwiliwili cha mbwa kina ngozi nyingi iliyolegea. Sehemu ya chini ya mguu, ambako waya hukaza, haina ya kuazimwa, na huko pandikizi ndilo hutegemewa mara nyingi. Katika maelezo ya namna hii neno "mshipa" peke yake halitoshi, kwani kwa Kiswahili cha kawaida laweza kuwa ateri, vena, neva au hata kano. Itajwe ateri.

Mahali pa kulaza pandikizi pamepata kuitwa "kitanda cha jeraha". Tafsiri hiyo ni sisisi na inachekesha. Wauguzi na akina mama husema kidonda "kinaota nyama", na hiyo nyama changa, nyekundu, inayotoka damu upesi, ndiyo pandikizi linayoitaka. "Sakafu ya jeraha" yatosha. Tutunze pia tofauti ya jeraha na kidonda: la kwanza ni la kuumizwa, cha pili kimekaa. Kuhusu "upasuaji wa plastiki" sitasema mengi. Unamfanya mwenye mbwa aulize kama ngozi hiyo ni ya dukani. "Upasuaji wa kurudishia ngozi" waeleweka.

Limebaki neno dogo lenye madhara makubwa. "Kufunga jeraha" ni kulizungushia bandeji, na wafasiri hulitumia pia kwa kuunganisha kingo zake kwa uzi. Mtu aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa hupaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwenda upesi kituo cha afya kwa chanjo, na kwa kadiri iwezekanavyo jeraha lisishonwe mapema. Agizo hilo likiandikwa "jeraha lisifungwe", mwenye kulifuata ataliacha wazi kwa nzi na vumbi. Iandikwe "kushona" panapohusika uzi, "kufunga" ibaki kwa bandeji, na "kuziba" itumike kwa pandikizi na ulimi.