Ufundi wa Kutulia

Julai 8, 2024 ilikuwa siku ya kwanza ya mapumziko katika Tour de France ya mwaka ule. Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua ya tatu mjini Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, kisha akaichukua na ya nane. Hatua tisa zilikuwa zimekwisha, kumi na mbili zilimngoja. Tarehe 11 akashinda tena, na mwisho wa safari, mjini Nice, jezi ya kijani ya pointi ilikuwa yake. Sitadai kwamba siku moja ya kupumzika ndiyo iliyompa hayo. Lakini ushindi wa barabarani una watu wengi wa kuusifu, na mimi nataka kuisifu kazi inayofanyika wakati hakuna anayetazama.

Mgeni akifika hotelini kwa waendeshaji siku kama hiyo atashangaa kuwakuta wamevaa kofia ngumu, wanatoka. Mapumziko yao yana baiskeli ndani yake: saa moja au mbili kwa gia nyepesi, kituo cha kahawa, maongezi. Wenyewe husema kwamba mtu akilala mchana kutwa baada ya siku tisa za kukimbizana, kesho yake miguu hukaza na kilima cha kwanza humuadhibu. Kwa hiyo huichezesha tu. Baada ya hapo ni masaji, chakula, usingizi. Timu ya Sky ya Uingereza ilipata kuzungumzwa sana kwa kusafirisha magodoro na mito ya waendeshaji wake kutoka hoteli hadi hoteli. Wapo walioona ni anasa. Mimi naona ni akili ya watu waliojua sehemu gani ya kazi yao hufanyika kitandani.

Maana mazoezi yenyewe hayamjengi mtu. Ukipanda kilima kwa nguvu, unachana nyuzi ndogo ndogo za misuli, unamaliza sukari ambayo misuli na ini vimeiweka akiba, yaani glaikojeni, na unashuka ukiwa dhaifu kuliko ulivyopanda. Nguvu huja baadaye. Akiba ile huhitaji kama siku nzima kujaa tena, na haijai bila wanga wa kutosha: wali, ugali, viazi, ndizi. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo ukapata cha kusukuma kwa wepesi. Homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, ndiyo maana anayekesha na simu anajiibia mwenyewe. Kano ni za mwisho. Hizo huchelewa kuliko misuli, na wengi huumia magoti kwa sababu mapafu yao yalikuwa tayari kabla ya kano zao. Fundi ujenzi hamwagi zege la slabu leo akaanza kupandisha ukuta juu yake kesho asubuhi. Hulimwagilia maji, akalisubiri likomae. Hakuna anayemwita mvivu.

Mwendesha baiskeli akifanya hivyo huitwa mvivu, na anayemwita hivyo kwanza ni nafsi yake. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kujituma ni rahisi kufundisha, kwa sababu jasho linaonekana. Kutulia kunadai mtu aziamini kazi anazofanyiwa na mwili wake bila kuziona. Siku nyepesi iwe nyepesi kweli: uweze kuimba ukiwa juu ya kiti, na mwenzako akikupita umwache aende. Wengi hawawezi. Siku ya kupumzika wanaikanyaga nusu nguvu, kisha siku ya kazi inawakuta wamechoka nusu, na miezi inapita wakiwa katikati, si wakali wala si wazima. Mwili hutoa taarifa mapema: mapigo ya moyo wakati wa kuamka yako juu kuliko kawaida, usingizi unakatika, chakula hakivutii, hasira ziko karibu. Asiyesikia anaweza kupoteza miezi kadhaa kuutafuta mwili aliokuwa nao.

Hata kabla ya shindano kubwa, wajuzi hupunguza kilomita karibu nusu kwa wiki mbili hivi, huku wakiyabakiza makali: mbio fupi za nguvu, kisha nyumbani. Waliofika Kigali Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa barabarani ulipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, walikuwa na kilomita 267.5 za milima za kukabili siku ya mwisho ya wanaume. Kilomita za kukurupuka wiki ile zisingemsaidia yeyote.

Lakini kupumzika kuna bei, na bei hiyo haiwi sawa kwa wote. Bingwa wa Tour ya kwanza mwaka 1903, Maurice Garin, aliwahi kuishi kwa kusafisha dohani. Mbio zile zilimpa nafasi ya kutulia: hatua zilikuwa sita tu kwa siku 19, nyingine zaidi ya kilomita 400, zenye siku za kupumzika kati yake. Kwetu, baiskeli bado ni kazi: wapo wanaobeba mkaa kuingia mjini, wapo wa Burundi wanaoshusha mizigo ya ndizi kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura, kisha wanarudi juu wameshikilia malori. Miguu ya namna hiyo imewahi kuingia kwenye mashindano. Rwanda ilipata baadhi ya waendeshaji wake miongoni mwa vijana wa baiskeli za abiria. Kocha akimpata kijana wa aina hii huvutiwa na kilomita anazozimudu, akataka kumwongezea. Ningemwomba aanze na sahani ya mchana, godoro, na fedha za kufidia siku mbili kwa wiki ambazo kijana huyo hatabeba abiria.