Msimbo Uleule, Orodha Tofauti: Uhakiki wa Dai la Urudiwaji wa Matokeo katika Utafiti wa Kiswahili kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai linalojitokeza katika tafiti za Kiswahili zinazotumia kompyuta, kwamba matokeo yanaweza kurudiwa na mtafiti mwingine kwa kuwa msimbo wa programu umeambatishwa. Kwa kutumia mfano wa ritifaa katika maneno yenye ng', makala yanaonyesha kuwa msimbo uleule unaweza kutoa orodha tofauti za maneno katika kompyuta zenye mifumo endeshi tofauti bila kutoa onyo lolote. Aidha, makala yanahoji tiba inayopendekezwa zaidi, yaani kontena. Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa kiisimu haupaswi kuachiwa mipangilio ya kompyuta.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia aliniletea orodha ya maneno aliyoitoa katika hadithi za watoto. Ndani yake mlikuwa na neno la ajabu: "ngâ". Nilimtaka arudie kazi. Aliporudia katika kompyuta ya maabara, neno hilo halikuwapo. Mahali pake palikuwa na "ng". Alisema hakugusa msimbo wala matini. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililomuuliza ni iwapo alikuwa ameihariri data kwa mkono. Hakuwa ameihariri. Kompyuta yake ilikuwa na Windows na ile ya maabara ilikuwa na Linux, na hiyo ndiyo tofauti pekee iliyokuwapo.

Ninalieleza tukio hili kwa sababu linaonyesha ni nani anayebeba gharama ya kasoro ya namna hii. Msimbo haukushukiwa, aliyeshukiwa ni mwanafunzi. Endapo orodha kama hiyo ingeingia katika kamusi, kikagua tahajia au ripoti ya ushauri wa sera, huenda asingepatikana hata wa kushukiwa.

2.0 Dai na Chimbuko Lake

Dai kwamba programu inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine si geni. Mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha ya C, hatua iliyorahisisha kuupeleka katika mashine za aina nyingine. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems iliitangaza lugha ya Java kwa ahadi kwamba programu ingeandikwa mara moja na kuendeshwa popote. Hata hivyo, katika ahadi hizo kuna mambo mawili ambayo watafiti wetu huyachanganya: programu kuendeshwa popote, na programu kutoa jibu lilelile popote. Jambo la kwanza halithibitishi la pili.

Wanakemia walijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Willoughby, Jansma na Hoye walichapisha mwaka 2014, katika jarida la Nature Protocols, utaratibu wa kukokotoa sifa za molekuli uliokuja na msimbo wa Python. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Bhandari Neupane na wenzake, walionyesha kuwa msimbo huo ulitoa majibu tofauti kulingana na mfumo endeshi. Sababu ilikuwa ndogo. Msimbo uliomba orodha ya mafaili ukichukulia kwamba mfumo endeshi ungeyaleta kwa mpangilio maalumu. Mifumo mingine iliyaleta hivyo, mingine haikufanya hivyo, na thamani zikaoanishwa na mafaili yasiyo yake. Tiba ilikuwa kuipanga orodha kwanza kabla ya kuisoma. Kwa miaka mitano msimbo ulifanya kazi bila kulalamika, na hilo ndilo lililoificha kasoro.

3.0 Ritifaa kama Kipimo

Kiswahili kina kipimo chake cha tatizo hili. Tuchukue sentensi ifuatayo: "Ng'ombe wa jirani anang'oa majani." Msomaji yeyote ataona maneno matano. Kompyuta itaona mangapi? Jibu linategemea mambo mawili ambayo makala zetu huyataja kwa nadra.

Jambo la kwanza ni alama iliyochapwa. Jedwali la Unicode lina alama kadhaa zinazofanana na ritifaa. Kuna ile iliyonyooka ya kibodi (U+0027), ile iliyopinda (U+2019), na ile inayohesabiwa kuwa herufi (U+02BC). Programu nyingi za kuandikia nyaraka hubadilisha iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi, ilhali vihariri vya matini ghafi huiacha ilivyo. Kwa hiyo kopasi iliyokusanywa kutoka kwa waandishi wengi huwa na alama zaidi ya moja kwa sauti ileile. Sasa, kanuni ya ruwaza inayotumika sana katika Python kutenga maneno, \w+, huzitambua herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ikikutana na ritifaa iliyonyooka au iliyopinda, hukata neno: ng, ombe, wa, jirani, anang, oa, majani. Maneno matano yamekuwa saba. Ikikutana na U+02BC, haikati, na maneno hubaki matano. Macho ya msomaji hayaoni tofauti yoyote.

Jambo la pili ni usimbaji wa herufi, na hapa ndipo mfumo endeshi unapoingia. Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, ritifaa iliyopinda huwakilishwa kwa baiti tatu. Python katika Linux na macOS kwa kawaida hulisoma faili hilo kwa UTF-8. Katika Windows yenye mipangilio ya Kiingereza au Kifaransa, matoleo ya Python yaliyozoeleka hulisoma kwa usimbaji wa Windows-1252 iwapo mwandishi wa msimbo hakutaja usimbaji. Baiti tatu hugeuka kuwa alama tatu, na ng’ombe husomeka "ngâ€™ombe". Kwa kuwa "â" ni herufi, kanuni yetu huitunza na kukata baada yake. Hilo ndilo lililokuwa neno la mwanafunzi wangu.

Inafaa kulinganisha na hali ya kinyume. Faili lililohifadhiwa kwa Windows-1252 na lenye ritifaa iliyopinda, likisomwa katika Linux kwa UTF-8, husimamisha programu na kutoa ujumbe wa kosa. Mtafiti hukasirika, lakini kosa hilo lina manufaa kwake, kwa kuwa kompyuta inayogoma humlinda dhidi ya takwimu za uongo. Inayoendelea kimyakimya ndiyo inayotuponza. Watunzaji wa Python wameitambua hatari hii, na wamepitisha kuwa UTF-8 iwe chaguo-msingi katika mifumo yote kuanzia toleo la 3.15. Hata hivyo, hatua hiyo inatibu usomaji wa baiti tu. Haiamui kama ng' ni sehemu ya neno.

4.0 Mipaka ya Lugha Rasmi

Katika ukanda wetu kuna chanzo kingine cha tofauti, nacho ni mipangilio ya lugha ya kompyuta. Katika ofisi zinazotumia Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Bujumbura na Lubumbashi, lahajedwali huandika desimali kwa mkato na kutenganisha safu kwa nuktamkato. Kwa mipangilio ya Kiingereza inayotumika Kampala au Dar es Salaam, desimali huandikwa kwa nukta na safu hutenganishwa kwa mkato. Msimbo ulioandikwa Kampala ukilisoma faili la Bujumbura unaweza kuigawa 0,125 kuwa safu mbili, 0 na 125. Mradi wa pamoja unaodai kulinganisha data za nchi mbili usipotaja jambo hili, haujatupa njia ya kuuamini.

5.0 Je, Kontena ni Tiba?

Jibu linalotolewa sana siku hizi ni kontena, hasa kwa kutumia Docker, iliyotangazwa mwaka 2013. Kontena hufungasha msimbo pamoja na maktaba zake na mipangilio yake, ili mtumiaji aendeshe kifurushi kizima. Faida yake ni ya kweli: matoleo ya maktaba hayabadiliki, na tofauti nyingi nilizozieleza hutoweka. Sipingi matumizi yake. Ninapinga imani kwamba yanatosha.

Kwanza, katika Windows na macOS kontena la Linux huendeshwa ndani ya Linux iliyowekwa juu ya mfumo wa mwenyeji. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya mifumo haijatatuliwa. Imekwepwa kwa kuihamisha Linux. Pili, kifurushi kinaweza kufikia gigabaiti kadhaa. Kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa siku na kutumia kompyuta ya zamani, "kinachorudiwa na yeyote" hurudiwa na wachache. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kontena hugandisha jibu bila kulihakiki. Ukiifunga kanuni ya \w+ ndani ya kontena, sentensi yetu itakuwa na maneno saba Nairobi, Kigali na Helsinki. Matokeo yatafanana kila mahali, na yatakuwa na kosa kila mahali. Kufanana si usahihi.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu unaonyesha kuwa tofauti zinazoitwa za kiufundi mara nyingi ni maamuzi ya kiisimu ambayo hayakufanywa na mtu. Mtafiti asipoamua neno linaishia wapi, mfumo endeshi na maktaba zitamwamulia. Kwa watafiti, napendekeza kila msimbo utaje usimbaji unapofungua faili, upange orodha ya mafaili kabla ya kuyasoma, na ugeuze aina zote za ritifaa kuwa moja kabla ya kuhesabu. Aidha, makala iambatishwe na matini fupi ya majaribio yenye ng' na jibu linalotarajiwa, na mwandishi atamke kuwa aliijaribu katika mifumo endeshi miwili au zaidi. Kazi hiyo haihitaji bando kubwa.

Kwa washauri wa sera, suala ni la usanifishaji. Vyombo vyetu vimetumia miongo mingi kusanifisha tahajia, lakini tahajia ya kidijitali ya ng' imeachwa kwa watengenezaji wa vibodi na vihariri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya nchi nyingine wanachama, inaweza kutamka alama moja kuwa ritifaa rasmi ya matini za kidijitali. Maoni yangu ni kwamba iwe U+0027, kwa sababu iko katika kibodi za kawaida, pamoja na kanuni kwamba ikifuata "ng" na kufuatwa na herufi haikati neno. Wengine wataitetea U+02BC kwa hoja nzuri, na mjadala huo ni wa wanaisimu. Ukiachwa uendelee kuamuliwa na mashine, mwanafunzi mwingine ataulizwa swali nililomuuliza wangu.