Kabla ya Tone la Kwanza

Eldoret ni mji wa ng'ombe, na hata baada ya kupewa hadhi ya jiji mwaka 2024 bado asubuhi zake zinaanza na maziwa. Daktari wa mifugo wa hapa Uasin Gishu hupigiwa simu usiku kwa sababu ya ndama aliyekwama, kiwele kilichovimba, au ng'ombe aliyejaa gesi tumboni. Kwa hiyo nilipomwona mmoja wao, mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la agrovet, akipokea kikapu chenye sungura mmoja mweupe wa mtoto wa shule, nilitaka kujua mikono iliyozoea mnyama wa kilo 500 itafanya nini na mnyama wa kilo mbili.

Jicho la kushoto lilikuwa limetokeza nje, kope imevimba, na manyoya ya chini yake yameshikamana kwa usaha. Mtu yeyote angelikimbilia jicho. Yeye hakuligusa.

"Anakula?" alimuuliza mama wa mtoto. "Anakula nini hasa? Na choo chake leo asubuhi kilikuwaje?"

Maswali haya ndiyo msingi wa kazi yenyewe. Sungura ni windo la kila mwenye meno, na windo halionyeshi maumivu. Atakaa kimya, masikio yamelala kidogo, huku akiacha kula. Utumbo wake unahitaji majani karibu mchana na usiku. Ukisimama, mnyama anaweza kufa kwa tumbo wakati watu wanahangaika na jicho. Mtoto alijibu kwa uaminifu: mkate, karoti, chakula cha vidonge cha dukani, nyasi mara mojamoja. Daktari aliandika, na uso wake ulionyesha kwamba jibu la nyasi limemsaidia kuliko yote.

Kisha alimtoa kikapuni, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, akamzungushia taulo. Wengi bado humnyanyua sungura kwa masikio, na ni vibaya sana. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake myepesi inavyostahimili, na teke moja akiwa hewani laweza kumvunja uti wa mgongo. Alimkaribia kwa ubavu pia. Macho ya sungura yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele ya pua yake. Kidole kinachotokea hapo humshtua.

Alianza kwa kutazama kutoka juu, akilinganisha macho yote mawili. Yangekuwa yametokeza yote, angewaza kifua, kwa kuwa uvimbe ndani ya kifua huweza kuzuia damu isirudi kutoka kichwani. Lilikuwa moja tu, kwa hiyo akawaza kilichoko nyuma yake. Akapitisha vidole taratibu kwenye taya la juu, akasimama mahali fulani, akarudia. Halafu akafungua kinywa na kumulika magego.

Hapo ndipo nyasi inapoingia katika habari ya jicho. Meno ya sungura hukua maisha yote, ya mbele kwa karibu milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu saa nyingi. Asipotafuna, jino hurefuka juu na mzizi husukumwa nyuma. Mizizi ya magego ya juu iko chini kabisa ya jicho. Hata mfereji wa machozi, ambao kwa sungura una tundu moja tu kila jicho pale sisi tuna mawili, hupita karibu na mizizi ya meno na huzibwa nayo. Nyasi za Boma Rhodes zinazofungwa marobota kwa ajili ya ng'ombe wa sehemu hizi zingemtosha sungura huyu tangu mwanzo.

Baadaye tu, baada ya haya yote, tone la kwanza liliingia jichoni, nalo halikuwa dawa. Lilikuwa rangi ya fluoresini. Aliisafisha kwa maji ya chumvi, akazima taa, akamulika mwanga wa buluu. Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa nzima haishiki rangi hiyo; iliyochubuka hung'aa kijani. Tuliona doa la kijani katikati, kwa kuwa jicho lililosukumwa nje halikuwa likifungika vizuri. Doa hilo lilifuta mara moja matone yenye steroidi, ambayo wengi hununua kwa kukisia, kwani huzuia kidonda kupona na huweza kusababisha konea kutoboka.

Nilifikiria mwaka 1944, John Draize na wenzake walipochapisha huko Marekani kipimo cha kudondosha kemikali katika macho ya sungura ili kujua zinaumiza kiasi gani. Kwa miongo mingi jicho hili lilichunguzwa kwa kuumizwa. Kuliona likichunguzwa ili lipone kulinigusa.

Dalili zilielekeza kwenye jipu la mzizi wa jino nyuma ya jicho. Kilichobaki kilikuwa uamuzi, nao ni mgumu kwa sababu ya usaha wenyewe. Kwa mbwa, jipu hutobolewa likamwagika. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, haumwagiki. Jipu nyuma ya jicho mara nyingi humalizika kwa kung'oa jino na kuliondoa jicho, na nyuma ya jicho la sungura kuna mkusanyiko wa mishipa ya damu unaoweza kutoa damu nyingi kwa mkasi mmoja uliokosea. Hata dawa zina mitego: amoksilini ya kunywa, ya kawaida kwa watoto wetu, huua bakteria wema wa tumbo lake na yaweza kumuua.

Daktari alisema gharama waziwazi kabla ya lolote, akijua kwamba inazidi bei ya sungura sokoni. Siwaungi mkono wanaosema basi achinjwe. Bei ya soko haikumleta kikapuni.

"Daktari, akibaki na jicho moja?" mama aliuliza.

"Atazoea, mama. Hofu yangu ni asipokula."

Wala hakuficha njia ya tatu, kumlaza asiamke, ikiwa jipu limeshakula mfupa. Alisema ataiamua baada ya picha ya eksirei ya kichwa, si kabla. Siku hiyo hakukata kitu. Alimdunga sindano ya kutuliza maumivu na ya kuua bakteria, akampaka jicho mafuta ya kulilinda lisikauke, akamwonyesha mtoto jinsi ya kumlisha uji wa majani kwa bomba la sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Akaagiza apimwe uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, na siku ya upasuaji aletwe akiwa ameshiba, kwa sababu sungura hawezi kutapika na kumnyima chakula kunamdhuru bure. Mtoto aliomba karatasi, akaandika yote.