Kabichi Chachu ya Kipoland: Jinsi Ukali Unavyofugwa Sufuriani

Kuna kosa moja ambalo mpishi mgeni wa chakula cha Kipoland hulifanya mapema, na sufuria haimsamehe. Anachukua njegere kavu alizoziloweka usiku kucha, anazitia pamoja na kabichi iliyochachushwa, anafunika, anapunguza moto na kwenda zake. Baada ya saa moja njegere bado ngumu. Saa mbili, bado. Anaongeza maji, anachochea, anaonja tena. Gesi inakaribia kwisha na njegere zingali zinagonga meno.

Njegere hazina kosa, wala moto. Mwenye kosa ni asidi. Kuta za chembe za mimea hushikanishwa na pektini, gundi ileile inayogandisha jemu, na gundi hiyo huwa sugu mno ndani ya mchuzi wenye uchachu wa kiasi cha kabichi hii. Chochote kigumu kikitumbukizwa humo, iwe njegere, maharage au viazi, hulainika kwa kujivuta. Ndiyo maana mpishi wa Kipoland anayejua kazi yake huinjika sufuria mbili anapopika kapusta z grochem, yaani kabichi na njegere. Njegere huchemka peke yake hadi zipondeke, kabichi huchemka peke yake, kisha vitu hivyo viwili hukutanishwa dakika za mwisho. Viazi vya supu yao ya kabichi, kapuśniak, navyo hutendewa vivyo hivyo.

Mtu akilielewa hilo, ameelewa karibu kila kitu katika mapishi haya. Vitabu huorodhesha viungo na dakika kana kwamba kila chakula kina siri yake. Ukweli ni kwamba kazi ni moja: kuushika uchachu. Kuosha, kukamua, kukaanga kitunguu, kutia unga, kutia uyoga, kutia sukari kijiko kimoja, zote ni njia za kumfuga mnyama mmoja.

Mnyama huyo huzaliwa Oktoba na Novemba, wakati kabichi za msimu wa mwisho zinapovunwa. Wilaya ndogo ya Charsznica, kaskazini mwa Kraków, inajulikana nchini humo kuwa makao makuu ya kabichi, na miongoni mwa aina za zamani zinazopendwa kwa kazi hii imo inayoitwa Kamienna Głowa, maana yake kichwa cha jiwe. Jina halijatiwa chumvi. Kabichi inayofaa ni nzito, imefungana, nyeupe ndani, na yenye sukari ya asili ya kutosha kulisha bakteria.

Hukatwa nyembamba kwa ubao wenye visu, ikachanganywa na chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, mara nyingi pamoja na karoti iliyoparuzwa na punje za kisibiti, ndugu wa bizari nyembamba. Hapo zamani ilishindiliwa ndani ya pipa kwa miguu iliyooshwa vizuri. Leo majumbani hushindiliwa kwa ngumi ndani ya chungu cha kauri au mtungi wa kioo. Maji hayaongezwi. Chumvi huikamua kabichi mpaka izame kwenye maji yake yenyewe, na kuzama huko ndiko kunakoifungia hewa nje.

Kinachofuata ni kazi ya bakteria wa jamii inayogandisha mtindi na kuchachusha togwa. Wa kwanza kuamka ni Leuconostoc mesenteroides, ambao hutoa asidi ya laktiki, asidi kidogo ya siki, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Uchachu ukiwazidi, huwapisha wenzao wavumilivu zaidi, Lactiplantibacillus plantarum, ambao humalizia kazi. Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 siku za mwanzo hutoa povu na harufu kali, na wenye nyumba huitoboa kabichi kila siku kwa kijiti kirefu cha mti hadi chini ili gesi itoke, kwani wanasema isipotobolewa huwa chungu. Baada ya wiki moja hivi chombo hupelekwa mahali pa baridi kikaendelee polepole. Mwishoni pH yake huwa karibu 3.5.

Zile asidi mbili zina tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mapishi. Asidi ya siki hupaa na mvuke. Asidi ya laktiki, ambayo ndiyo nyingi, haipai. Hapo linaanguka wazo la watu wengi kwamba kabichi iliyo kali sana ichemshwe muda mrefu ili ipoe ukali. Kuchemsha kunaondoa harufu inayochoma pua, ndiyo, lakini uchachu wenyewe unabaki sufuriani, na maji yakipungua unazidi kukolea. Anayetaka kuupunguza kweli lazima autoe kabla ya moto, kwa kukamua au kuosha, la sivyo auzimue kwa kitu kingine.

Mfano mzuri kuliko yote ni kapusta zasmażana, kabichi ya kukaangia unga, ambayo kwenye meza ya Jumapili ya Wapoland husindikiza kotleti ya nguruwe iliyopakwa chenga za mkate pamoja na viazi vya kuchemsha. Kwa kilo moja ya kabichi, hatua ya kwanza haihitaji moto hata kidogo: mpishi anachukua uzi mmoja, anautafuna, na kuamua. Ikiwa ni ya wiki chache na inachangamsha ulimi tu, anaikamua kwa mikono na kuyahifadhi maji yake kwenye bakuli. Ikiwa imekaa miezi na inakunja uso, anaisuuza mara moja kwa maji baridi. Mara mbili ni nyingi. Hapo ladha nayo inaondoka, na sahani nzima itakuwa kabichi iliyokonda isiyo na habari yoyote.

Kisha anaikatakata kukingama, maana nyuzi ndefu husumbua mlaji, na kuitia kwenye sufuria na nusu lita ya maji, majani mawili makavu ya loreli na punje tatu au nne za ziele angielskie, kiungo chenye umbo kama la pilipili manga na harufu inayokaribia karafuu. Dakika kumi na tano za mwanzo sufuria huachwa wazi, na sababu imeshatajwa: kinachopaa kipae. Baadaye hufunikwa nusu, ikaiva kwa jumla ya dakika arobaini na tano hadi saa nzima.

Sufuria yenyewe ina neno lake. Wapoland hutumia ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Jikoni mwetu sufuria nyingi ni za alumini, na asidi ya kabichi hii huila alumini, ikaacha weusi kwenye chombo na ladha ya bati kwenye chakula. Asiye na chuma kisichoshika kutu atumie sufuria ya enameli au chungu cha udongo. Jambo hili lisipuuzwe.

Wakati kabichi inachemka, kikaango kinafanya kazi ya pili. Humo hukaangwa vipande vya nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi, au siagi peke yake kwa asiyekula nguruwe, kisha vitunguu maji viwili vikubwa mpaka viwe rangi ya dhahabu. Rangi hiyo si pambo. Kitunguu kilichoiva taratibu huwa kitamu, na utamu huufanya ulimi uuhisi uchachu kwa upole zaidi ingawa asidi haijapungua hata tone. Juu yake hunyunyizwa unga wa ngano kijiko kimoja kikubwa, ukachochewa kama dakika mbili hadi harufu ya unga mbichi iishe. Mchanganyiko huo wa mafuta na unga ndio zasmażka, na ndio ulioipa sahani jina. Hulainishwa kwa upawa mmoja wa mchuzi wa kabichi ili usifanye madonge, kisha humiminwa sufuriani.

Kinachotokea dakika kumi zinazofuata kinafaa kutazamwa kwa macho. Mchuzi mwembamba uliokuwa ukielea huku nyuzi zikiogelea ndani yake unashika. Wanga unaufunga, mafuta yanautandaza juu ya kila uzi, na asidi ambayo ingefika kwenye ulimi yote kwa pamoja sasa inafika kidogo kidogo. Sukari kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, na majoramu kavu iliyofikichwa viganjani humaliza kazi. Ikionekana imepoa mno, yale maji yaliyohifadhiwa yanarudishwa kijiko kimoja kimoja. Aliyeyamwaga mwanzoni hana cha kurudishia.

Wapo wanaotumia njia fupi ya kuchanganya nusu kabichi chachu na nusu kabichi ya kawaida. Ni njia halali na ya zamani, ila kabichi mbichi ipikwe kwanza peke yake hadi ilainike, kwa sababu ileile iliyozigomesha njegere. Njia isiyofaa ni magadi. Mpishi aliyezoea kuharakishia maharage kwa magadi anaweza kushawishika kutia kidogo. Magadi hutuliza asidi papo hapo kwa povu, lakini pia huvunja pektini, na kabichi inageuka rojo lenye ladha ya sabuni.

Mkesha wa Krismasi, Wigilia, ndio mtihani halisi. Tarehe 24 Desemba kwa desturi nyama hailiwi mezani, kwa hiyo mafuta ya nguruwe na moshi wake havipo, na mpishi lazima autulize uchachu kwa silaha nyingine. Silaha hiyo ni uyoga mkavu wa msituni, hasa ule unaoitwa borowik. Gramu 30 hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa katika maji yaleyale, na maji hayo, yaliyokwisha kuwa ya kahawia kama chai ya rangi, huchujwa kwa kitambaa ili mchanga ubaki, kisha humiminwa kwenye kabichi. Uyoga huleta ladha nzito ya supu ya mifupa bila mfupa. Ikiwa ni kabichi na njegere, hata unga hauhitajiki: sehemu ya njegere hupondwa kwa mwiko na wanga wake unafanya kazi ya zasmażka. Hii ndiyo sahani inayomfaa zaidi msomaji asiyegusa nguruwe, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo bora kuliko zote. Hakuna kitu humo kilichowekwa kwa mazoea. Kila kimoja kina kazi.

Historia ya bigos inaonyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Leo bigos ni mchemsho wa kabichi chachu na nyama za aina nyingi. Lakini katika Compendium ferculorum cha Stanisław Czerniecki, kitabu cha mapishi cha kwanza kutungwa na kuchapwa kwa Kipoland, kilichotoka Kraków mwaka 1682, bigos haina kabichi kabisa. Ni nyama iliyokatwakatwa, na ukali wake unatoka kwenye vitu kama siki na ndimu. Ndimu zilitoka mbali na kwa bei kubwa. Kabichi ilikuwa pipani nyumbani. Kidogo kidogo ikachukua nafasi, na Adam Mickiewicz alipochapisha Pan Tadeusz mwaka 1834, bigos aliyoieleza humo ilikuwa ya kabichi chachu. Sahani ilibadilisha chanzo cha uchachu wake, ikabaki na jina.

Ipo pia njia ya kutoipika kabisa. Surówka ni dada wa kachumbari: nusu kilo ya kabichi chachu isiyooshwa, karoti moja na tofaa moja vilivyoparuzwa, kitunguu kidogo, mafuta vijiko vitatu, sukari kiasi na pilipili manga. Huachwa dakika ishirini, ikaliwa na samaki wa kukaanga. Tofauti na kachumbari, ambayo ukali wake hukamuliwa juu yake mezani, hapa ukali umo ndani tayari na kinachoongezwa ni vitulizo. Kwa kuwa haijapita motoni, bakteria wake wangali hai na vitamini C haijaliwa na joto.

Anayenunua ya dukani asome lebo. Wapoland huitafuta iliyoandikwa kiszona na kuishuku iliyoandikwa kwaszona, ingawa kikamusi maneno hayo yana maana moja, kwa hofu kwamba ya pili imetiwa siki badala ya kuchachushwa. Orodha ya vilivyomo ni shahidi mzuri kuliko jina: kabichi, chumvi, labda karoti. Siki ikitajwa, hesabu yote ya hapo juu inaharibika, kwa sababu hiyo ni asidi inayopaa, na kabichi itapoteza sehemu ya makali ikichemka na kubaki bila mwili.

Atakayechachusha mwenyewe pwani, kwenye joto la nyuzi 30, ajue kwamba bakteria wa mwanzo watapitwa haraka, kazi itakwenda mbio, na kabichi inaweza kuwa laini na yenye ladha moja tu ya ukali. Aiweke sehemu yenye baridi kuliko zote nyumbani, aionje kuanzia siku ya tatu, na ikishakolea aihamishie kwenye friji. Wa Lushoto, Njombe au Limuru wana hewa inayofanana zaidi na ile ambayo kabichi hii imeizoea. Popote alipo, msomaji aanze na nusu kilo, aionje mbichi kabla ya kuamua lolote, na asimwage maji yake hadi sahani ifike mezani.