Ruff Hakupaswa Kuwauliza Rangi

Kosa la Thomas Ruff katika picha za nyuso alizopiga kati ya 1981 na 1985 halimo usoni mwa mtu yeyote. Limo nyuma ya mabega yao. Alikuwa bado mwanafunzi wa Bernd Becher katika Kunstakademie ya Düsseldorf. Aliwaita wanafunzi wenzake na marafiki, akawaketisha kama watu waliofuata picha ya paspoti, kisha akawaachia wachague wenyewe karatasi ya rangi ya kuwekwa nyuma yao. Huyu nyekundu, yule buluu, mwingine kijani. Mwanga, mkao na fokasi ni kazi safi, havina mjadala. Ila kule kugawa karatasi kulikuwa kosa, tena kosa linalofundisha kuliko nusu ya mihadhara ya vyuoni kuhusu mwanafunzi kujipata kama msanii.

Tazama mradi wenyewe ulivyodai. Uso uvuliwe kila kitu: usicheke, usioneshe kazi, nyumba wala kisa. Anayejiwekea sharti kali namna hiyo hana budi kulishika hadi kwenye pembe za fremu. Bernd na mkewe Hilla Becher walilishika katika picha zao za minara ya maji: anga la mawingu, nyeusi na nyeupe, kamera ikitazama mbele moja kwa moja, hata mnara ukatofautiana na mwenzake kwa umbo lake tu. Kwa Ruff, ukizipanga picha ukutani, jicho halilinganishi pua na pua; linalinganisha nyekundu na kijani. Mtazamaji anaanza kusoma tabia: huyu mkali, yule mpole. Rangi inasema lile ambalo uso umekatazwa kusema. Ninachokiona hapo ni dalili ya kila mwanafunzi wa mwalimu mkubwa, kutafuta tofauti inayoonekana tangu mlangoni. Mwalimu ni nyeusi na nyeupe, basi mimi rangi. Lakini kutofautiana na mwalimu si kujipata. Anayeamua kila jambo kwa kumkimbia mwalimu bado anaongozwa naye.

Watetezi watasema Ruff aliwapa watu wake sauti. Hoja hii ina uzito mahali pengine, si hapa. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, walipomsimamisha mteja mbele ya mandhari ya kuchorwa, chaguo la mteja lilikuwa na maana kwa sababu picha ilikuwa yake: ameilipia, anaondoka nayo, anawapelekea jamaa zake. Picha za Ruff zilikwenda kutundikwa kwenye majumba ya sanaa kwa jina la Ruff. Aliyekaa mbele ya kamera aliazimwa uamuzi mmoja mdogo, na mingine yote ikabaki kwa mwenye kamera. Hiyo si sauti, ni adabu ya mwenyeji kumuuliza mgeni kama anataka chai au kahawa. Samuel Fosso hakukosea hapo. Alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13, na baada ya saa za kazi akamalizia filamu zilizobaki kwa kujipiga mwenyewe. Nguo, pazia na mkao aliamua yeye, na picha ilikuwa ya kwake mwenyewe. Hakuwa na cheti cha chuo wala lile tamko la msanii la kurasa tatu linalodaiwa siku hizi kabla mwanafunzi hajajua kupima mwanga. August Sander naye, katika kitabu chake cha 1929 chenye picha 60, alimwacha mpishi wa keki jikoni kwake na bakuli lake. Kilichokuwa nyuma ya mtu kilikuwa ushahidi, si pambo.

Itasemwa pia kwamba chuo ni mahali pa kujaribu, na mwanafunzi asihukumiwe kwa majaribio. Nakubali, na hukumu yangu si kwa jaribio bali kwa muda ambao liliachwa kuendelea. Ruff mwenyewe ndiye shahidi. Alipoanza mwaka 1986 kuchapa nyuso hizo kwa takriban sentimita 210 kwa 165, rangi zikalemea. Akaziacha, akabaki na nyuma karibu nyeupe. Wanaoabudu ukubwa husema chapa kubwa ndizo zilizomfanya Ruff. Sikubaliani nao, kama nisivyokubaliana na kila picha dhaifu inayonenepeshwa ili ijaze ukuta. Ukubwa ulimfunulia kosa lililokuwemo tayari katika chapa ndogo. Kilichomfanya Ruff ni kuondoa: pale alipofuata sharti lake mwenyewe hadi mwisho, jina lake likasomeka bila kuandikwa.

Kwa hiyo wakufunzi waache kumdai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza “mtindo wake”. Mdaiwa atalipa kwa rangi, kwa vichujio vya kununua au kwa chapa za mita mbili. Mpeni sharti moja na muda wa kulitumikia. Nawe mwanafunzi, zipange picha zako zote sakafuni, utafute kitu kimoja ulichokiweka ili tu usifanane na mwalimu wako. Kiondoe, kisha upige upya.