Lita 50 na ndoo ya bafuni

Februari 1, 2018 wakazi wa Cape Town waliamkia mgao mpya: lita 50 kwa mtu kwa siku, kutoka 87 za awali. Mvua zilikuwa haba kwa miaka mitatu mfululizo, na bwawa la Theewaterskloof, kubwa kuliko yote yanayolisha jiji, lilikuwa limegeuka uwanja wa mchanga. Ilikwisha kutajwa hata siku ya kufunga mabomba ya majumbani, katikati ya Aprili, watu waende kupanga foleni ya lita 25 kila mmoja.

Siku hiyo haikufika. Jiji lililotumia lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015 lilishuka chini ya nusu yake. Ni kweli jiji lilipunguza presha kwenye mabomba na kupandisha bei. Ila ndani ya nyumba, kazi ilifanywa na ndoo.

Piga hesabu. Bomba la mvua hutoa kama lita 10 kwa dakika. Ukioga dakika tano, mgao wako wote umekwisha. Choo cha zamani humeza lita 9 au zaidi kila ukivuta. Vuta mara tano, 45 zimekwenda. Mbele ya hayo, kufunga koki unapopiga mswaki ni jambo jema lakini dogo. Familia nyingi ziliunganisha kuoga na choo: mtu anaoga dakika mbili amesimama ndani ya beseni, maji yanayokingwa yanatiwa kwenye ndoo, ndoo inasukuma choo. Mkojo ulisubiri mwenzake. Maji yaleyale yakafanya kazi mbili, na choo hakikuchota tena kwenye mita.

Kumwaga nako kuna ufundi. Maji ya sabuni hayatiwi kwenye tangi la choo, maana huharibu vipira na kuacha uvundo; humwagwa bakulini moja kwa moja, ndoo ikiwa juu kidogo, kwa mkupuo. Ukimimina taratibu yanapita tu, uchafu unabaki unakutazama. Na yasilale zaidi ya siku moja.

Msomaji wa Temeke atacheka, kwani yeye huoga kwa nusu ndoo na kopo tangu utotoni. Hata wa vibanda vya Khayelitsha, hukohuko Cape Town, waliochota bomba la pamoja miaka yote, hawakuwa na cha kupunguza.

Lakini wenye choo cha kuvuta tusicheke sana. Mwezi uliopita nilitia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo changu, nikakaa robo saa bila kuvuta. Niliporudi, bakuli lilikuwa jekundu. Nikafungua tangi: kipira cha chini kimelika upande mmoja kama kisigino cha kandambili, na maji yalikuwa yakipita hapo usiku kucha, kimya kabisa.