Hongera, wenye intahe

Mwaka 1999 Uingereza ilianza kutumia kanuni mpya za mashauri ya madai. Nguzo yake moja ni hii: mdai aandike barua kwanza, mwenzake ajibu, wajaribu kupatana kabla ya kumfikia hakimu. Wazo zuri. Chini ya michikichi ya Rumonge, Burundi, wazee wangeuliza: mlikuwa wapi siku zote?

Pongezi zangu ziende kwa Bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa vilima vya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Fimbo yao, intahe, hupigwa chini na baraza hutulia. Mdai husema, mdaiwa hujibu, mashahidi huulizwa, kisha wazee hujitenga kushauriana kabla ya kutoa neno. Na mashauri yenyewe si ya kuku aliyepotea. Waliokimbia mauaji ya 1972 walirudi kutoka Tanzania baada ya miongo mingi, wakakuta michikichi yao inakamuliwa mawese na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamegawiwa ardhi hiyo na serikali. Nani mwenye haki hapo? Mara nyingi hati hakuna. Kuna mzee anayekumbuka mpaka ulipita wapi.

Wapo Bashingantahe waliolainishwa kwa pombe, sikatai. Lakini hawana askari wala jela, na bado watu huwasikiliza. Asiyeridhika, mlango wa mahakama u wazi.

Ukipita Rumonge ukawakuta wameketi, zima pikipiki yako.